Sauti Nayo Ina Sura



Tangu chama chetu kianze kukusanya masimulizi ya wamama kwa ajili ya redio ya mtaa, kila juma ninaulizwa swali moja: "Mwalimu, tuanzie wapi?" Wengine wanaongeza kwamba hawana sauti nzuri, kwamba Kiswahili chao kimechanganyika na Kifaransa au Kishi, kwamba waliacha masomo mapema. Hayo yote si kizuizi. Nitajibu leo kwa urefu kidogo, kwa sababu swali hili lina pande mbili, na upande wa pili hakuna anayeuuliza. Upande wa kwanza ni namna ya kufanya simulizi liishi katika sikio la mtu asiyekuona. Upande wa pili ni huu: kile kinachofanya simulizi liishi ndicho hicho kinachoweza kumtambulisha mama aliyelitoa, mbele ya shemeji, mbele ya jirani, hata mbele ya mtu mwenye silaha. Mwenye kujua upande wa kwanza peke yake atatengeneza kipindi kizuri na kumletea mwenzake taabu.

Msikilizaji wetu mnamjua vizuri. Ni jioni, anachagua maharagwe, mtoto analia mgongoni, redio iko juu ya kabati, betri zimechoka na sauti inakwaruza. Anasikia nusu ya yanayosemwa. Ninyi mnaosoma gazeti hili mkipotea mnaweza kurudi kwenye mstari wa juu. Sikio halirudi nyuma. Kila mwalimu wa shule ya msingi amelijua hili kwa sababu ya dikte: ukisoma sentensi ndefu, watoto wanashika mwanzo na mwisho, katikati kunabaki shimo. Ndiyo maana maneno ya redio yanakatwa mafupi, jambo moja kwa sentensi moja. Jina la mtu linarudiwa mara nyingi kuliko tunavyoandika kwenye karatasi, kwa sababu "yeye" wa redio anapotea upesi, hasa kama kuna "yeye" wawili. Hesabu nazo ziwe chache. Usiseme kilo 48 na nusu. Sema karibu kilo hamsini, au sema gunia, maana gunia watu wanaliona.

Tuchukue mfano wa mama anayebeba makala kutoka porini kwenda sokoni. Wengi wataanza hivi: "Maisha ya wamama wauzaji wa makala ni magumu sana kwa sababu ya barabara mbovu, ushuru mwingi na bei kushuka." Ni kweli tupu. Lakini msikilizaji anaendelea kuchagua maharagwe yake, kwa sababu hakuna mtu ndani ya sentensi ile. Sasa sikilizeni namna nyingine: "Saa tisa ya usiku ninafunga gunia. Kamba ninaipitisha kwenye kipaji cha uso, kwa sababu mgongo peke yake hauwezi. Tuko wanne, hatuongei. Kwenye kizuizi cha kwanza ninatoa franka 500. Kwenye cha pili ninasema sina, wananiambia niteremshe gunia." Hapa mkono ulio juu ya maharagwe unasimama. Mwenye kubeba kamba ile siku moja tu anaisikia kwenye kichwa chake mwenyewe, na asiyeibeba anataka kujua kama gunia liliteremshwa. Neno "magumu" halikutumika hata mara moja.

Kwa hiyo jibu langu la "tuanzie wapi" ni: anzia siku moja, saa moja, mikono ya mama ikifanya kazi fulani. Maelezo ya jumla kuhusu ushuru na barabara yatapata nafasi yake baadaye, kwa dakika nusu, kwa sauti ya mtangazaji. Na kabla ya neno la kwanza weka sauti ya kitu chenyewe. Makala yanapomiminwa kutoka guniani yana mlio wake, mkavu kama vigae. Sekunde kumi za mlio ule zinafanya kazi kuliko utangulizi wa dakika mbili.

Wapo wanaofikiri kwamba ufundi huu ni wa wazungu na mashine zao. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga upande wa Walikale, mzee mmoja aliyeitwa Shé-Kárisi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12. Mwanachuoni wa Kibelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika maneno alipokuwa akisimulia, na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa huko huko, wakatoa kitabu kinachosomwa leo katika vyuo vikuu vya dunia. Lakini Rureke hakukaa kitini na kusoma. Aliimba, alicheza, aliigiza kila mtu wa hadithi, na watu waliomzunguka walipiga vijiti na kumwitikia. Kitabu kilihifadhi maneno. Sauti yake na miguu yake hatunazo ndani ya karatasi.

Redio ina hasara nyingine: inatupa sauti, inatunyima mikono. Wamama wetu wanaposimulia nyumbani, nusu ya hadithi iko kwenye mikono, kwenye macho, kwenye namna ya kugeuza kitambaa begani. "Alikuwa mrefu hivi," anasema, na mkono unapanda. Redioni mkono ule hauonekani, kwa hiyo muulize: mrefu kama nani? Atajibu "kama mlango", na hapo umepata neno zuri kuliko ambalo wewe na mimi tungelitunga.

Kitu kingine ambacho Rureke alikuwa nacho ni waitikiaji. Mama ukimwacha peke yake na telefoni anaanza kuhutubia kama yuko mbele ya gavana. Sauti inapanda, Kiswahili kinageuka cha mkutano. Mwekee mtu mbele yake, rafiki anayempenda, na amsimulie yule rafiki. Rafiki aitikie kwa kichwa na macho, asiseme "mmh" wala "eeh", maana kila "mmh" itaingia kwenye mikro na itawasumbua wakati wa kukata.

Kuuliza nako ni kazi. Ukiuliza "Mama, uliteseka?" atajibu "Ndiyo, sana," na mambo yameisha. Uliza: "Asubuhi ile ulipoamka, ulifanya nini kwanza?" Kisha nyamaza. Akimaliza kujibu, usikimbilie swali la pili. Hesabu moyoni mpaka tano. Sisi walimu kimya kinatuuma, tunataka kukijaza, lakini kwenye mikro kimya ni rafiki. Mara nyingi, baada ya kile kimya kidogo, mama anaongeza sentensi moja, na sentensi ile ndiyo simulizi lenyewe.

Kuhusu vyombo sitachukua nafasi nyingi. Telefoni ya kawaida inatosha. Weka kwanza hali ya ndege, ili isilie katikati. Ishike umbali wa shibiri moja kutoka kinywani, kidogo pembeni, ili pumzi za "p" na "b" zisiipige moja kwa moja. Chumba kizuri ni kile chenye godoro, nguo zilizotundikwa, mapazia. Ukumbi mtupu wa parokia una mwangwi unaokula maneno. Chini ya manjanja, mvua ikianza, acheni kazi mnywe chai. Jaribu sekunde kumi, sikiliza kwa waya za masikioni, ndipo uanze. Na mkimaliza, mbaki wote kimya dakika moja huku telefoni inaendelea kurekodi. Ile dakika ya kimya cha mahali itamsaidia mwenye kukata kuunganisha vipande bila msikilizaji kusikia viraka. Kwa urefu, jipimeni wenyewe: kwa kusoma bila haraka, dakika moja ya Kiswahili inabeba maneno 100 hivi na zaidi kidogo. Simulizi la dakika tano ni kurasa mbili za daftari, si kumi.

Sasa upande wa pili.

Hapa kwetu Kivu ya Kusini tuna wamama waliopita njia hii kabla yetu. AFEM, chama cha wanawake wa vyombo vya habari, kilianzishwa Bukavu mwaka 2003. Mmoja wa waanzilishi wake, Chouchou Namegabe, aliyejifunza kazi ya redio katika Radio Maendeleo, amesimulia mara nyingi kwamba walipotaka kuzungumza hewani juu ya wanawake walioshikwa kwa nguvu, shida ya kwanza ilikuwa neno. Kulisema jambo lile mbele ya mikro ilikuwa mwiko, na Kiswahili cha kwetu hakikuwa na neno ambalo mtangazaji angeweza kulitamka bila aibu. Wakaazima neno "ubakaji" kutoka Kiswahili cha Tanzania. Leo watoto wanalitumia wakidhani limekuwepo siku zote. Baadaye, mwaka 2009, mama huyo alisema habari za wanawake wa Kivu mbele ya maseneta wa Marekani. Njia ile ilianzia kwenye neno moja lililotafutwa na watangazaji.

Ninawakumbusha habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, mama anapozungumza juu ya mabaya yaliyompata, mara nyingi atazunguka. Atasema "siku ile ya vita" au "yale waliyonifanyia". Usimsahihishe, usimtafsirie mdomoni. Mtangazaji atalisema neno lililo wazi mara moja mwanzoni, ili msikilizaji aelewe, na baada ya hapo mama aachiwe maneno yake. Wala hakuna haja ya kuuliza walifanya nini hasa. Simulizi halikosi kitu bila habari ile. Anayeitaka anatafuta kitu kingine, si simulizi.

Pili, kabla ya mikro kuna mambo yanayotangulia. Mama aliyepatwa jana au juzi hahitaji kurekodiwa. Anahitaji kituo cha afya, na afike kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya SIDA zinatakiwa kuanzwa ndani ya muda huo, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kama kikundi chenu kimefikiwa na mama kama huyo, mpelekeni. Simulizi lake linaweza kusubiri mwaka, miaka mitano, au lisisimuliwe kamwe.

Sasa tuseme mama yuko salama, ameamua mwenyewe kusema, na hataki kujulikana. Vikundi vingi vinafikiri kubadilisha jina kunatosha. Fanyeni jaribio hili kwenye mkutano wenu: chukueni vokali ya WhatsApp ya mwenzenu mmoja, sekunde tano tu, mahali ambapo hatajwi mtu. Wote watamjua kabla hajamaliza sentensi. Tunamjua kwa kikohozi, kwa namna anavyovuta "r", kwa "bon" anayoanzia kila maneno. Sauti nayo ina sura. Zipo programu za kufanya sauti iwe nene au nyembamba, na redio nyingi zinazitumia, lakini mwendo wa maneno unabaki ule ule, na mtoto wake ataujua mwendo wa maneno ya mama yake hata ukimfanya aongee kama dubwana.

Njia ninayoiamini ni mama mwingine kusoma maneno yake, mtu wa mbali, asiyetoka avenyu ile wala kanisa lile. Na msikilizaji aambiwe wazi: maneno ni ya mama mmoja wa mkoa wetu, sauti ni ya mwenzake. Kusema hivyo hakupunguzi nguvu ya simulizi. Msikilizaji akielewa kwamba mama fulani hawezi kusema kwa sauti yake mwenyewe, hilo peke yake limemweleza kitu.

Hata hivyo sauti ya mdomo si yote. Sikilizeni tena rekodi yenu, mara hii msisikilize mama, sikilizeni nyuma yake. Kinu cha kusaga kiko upande gani? Kengele ya misa ya saa kumi na mbili ni ya parokia gani? Kuna mtu aliyeita mtoto kwa jina? Kuna honi ya boti? Kwa mgeni hizo ni kelele. Kwa mtu wa pale ni ramani. Niliwaambia hapo juu muweke sauti ya mahali. Basi kwa simulizi la namna hii tafuteni sauti ya mahali pengine panapofanana, au msiweke kabisa.

Na maneno yenyewe? Hapa ndipo kazi inakuwa ngumu, kwa sababu tulisema simulizi linaishi kwa vitu vidogo vya kweli. Tukiviondoa vyote tunarudi kwenye "maisha ni magumu sana". Mimi ninapima hivi: kitu kidogo ambacho maelfu ya wamama wanacho, kinabaki, kitu kidogo ambacho ni cha mama huyu peke yake, kinaondoka. Kamba kwenye kipaji cha uso inabaki, maana kuanzia Kalehe hadi Mwenga utawakuta wanaoibeba. Gunia kuteremshwa kwenye kizuizi linabaki. Lakini kovu la shavuni, mapacha waliozaliwa siku ya Noeli, mume aliyekuwa fundi wa saa katika soko dogo, hivyo vinaondoka, hata kama ndivyo vitamu kuliko vyote. Na nisiwafiche, mara nyingi ndivyo vitamu kuliko vyote. Mkono unakataa kuvifuta. Waachieni watu wawili kazi ya kufuta, mmoja wao awe mtu wa kijiji kile kile, kwa sababu wa mbali hajui ni kitu gani kinachomtaja mtu.

Lakini msigeuze tahadhari kuwa desturi ya kuficha kila mama. Aliyejenga nyumba kwa akiba ya AVEC, aliyeshinda kesi ya shamba la marehemu mume wake na anataka ukoo wote usikie, aliyeanza kutengeneza sabuni na anatafuta wateja: hao wana haki ya majina yao na sauti zao. Kumwita mama huyo "mama mmoja" ni kumnyang'anya.

Wa kuamua ni mwenyewe, na aulizwe mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kurekodi. Mara ya pili baada ya kusikia kipande kilichokwisha kukatwa, akiwa amekaa mahali salama, bila watu wengi. Maana mtu anaposema "sawa" kabla ya kusema, hajajua atasema nini. Wapo watakaosikia na kuomba sentensi moja itoke. Itoke. Wapo watakaosema "hapana, imetosha, futeni." Mfute mbele yake, aone.

Na aulizwe hasa: wapi? Redio ya mtaa na podikasti si kitu kimoja. Kwa wale ambao neno hili ni geni, podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti. Kila mtu anakisikiliza saa anayotaka, anakirudia, anakituma. Kwetu, kwa sababu ya bei ya mega, vipindi hivyo vinasafiri zaidi kwa WhatsApp na kwa kadi za telefoni, vinapita mkono kwa mkono mpaka Goma, Uvira, mpaka kwa ndugu waliopo kambini ng'ambo ya mpaka. Ni faida kubwa. Lakini redio inapita: aliyekuwa shambani saa ile hakusikia. Podikasti inakaa. Baada ya miaka kumi, mchumba wa binti yake anaweza kuisikia. Mama lazima aambiwe kwa maneno mepesi kwamba sauti iliyokwisha kuingia kwenye magrupu hakuna mtu wa kuirudisha, hata chama, hata mtangazaji.

Ninamtaja binti kwa makusudi. Wamama wakisimulia habari zao wanasimulia pia habari za watoto wao, na mtoto hakuulizwa. Mimi ninaviona darasani: yaliyosemwa redioni jioni, asubuhi yako uani. Mtoto wa darasa la tano anaweza kupewa jina baya kwa wiki nzima kwa sababu ya dakika tatu za redio. Mama anaposema "mtoto niliyempata siku ile", swali la kwanza si la ufundi. Swali ni: mtoto huyo anajua? Kama hajui, redio isiwe ya kumwambia.

Mtu ataniuliza: kwa masharti yote haya, tunabaki na nini? Tunabaki na mengi, na kuna njia ambayo vikundi vyetu haviitumii vya kutosha, nayo ni mchezo wa redio. Watu wa kubuni wanaweza kubeba ukweli wa wamama mia bila kumtaja hata mmoja. Tanzania walianza mchezo wa "Twende na Wakati" mwaka 1993, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, mlevi na mpenda wanawake, alijulikana kana kwamba ni mtu wa nyama na damu. Kwa miaka ya kwanza Dodoma haikurushiwa mchezo ule, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe; na kule ulikosikika walikuta watu wengi zaidi wameanza uzazi wa mpango. Hakuna Mkwaju wa kweli aliyeaibishwa.

Kwetu Kivu tumekuwa na mchezo wetu, "Kumbuka Kesho", uliotayarishwa ili kupunguza chuki kati ya jamii. Juu ya mchezo huu kuna jambo ambalo kila kikundi cha kusikiliza kinafaa kulijua. Mtafiti mmoja wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alilinganisha sehemu mbili: mahali fulani ulirushwa mchezo peke yake, mahali pengine baada ya mchezo kulikuwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wazungumze kati yao. Alitoa matokeo mwaka 2010. Waliohimizwa walizungumza zaidi kweli. Lakini walionyesha uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi machungu yao ya zamani, na hawakuwa tayari zaidi kuwasaidia watu wa jamii wasiyoipenda. Walikuwa nyuma ya wale waliosikiliza mchezo peke yake.

Sisi tunaopenda kusema "wakizungumza wataelewana" tunapaswa kukaa na habari hiyo kidogo. Sidhani inatukataza kuzungumza. Lakini ninavyoielewa mimi, simulizi zuri linafungua mlango, na kama hakuna anayeshika mazungumzo, kila mtu anaingia na kidonda chake na kukitupa mezani. Mkisikiliza pamoja, kiongozi asiulize "Mnafikiri nini juu ya watu wale?" Swali hilo litaleta kabila kabla ya kumi kuhesabiwa. Aulize juu ya mtu mmoja wa simulizi: yule mama pale kizuizini alikuwa na njia gani nyingine? Nani angeweza kumsaidia? Mazungumzo yakiondoka kwa mama yule na kwenda kwa "wao" na "sisi", ayarudishe kwake. Na kama hawezi, awashe wimbo, watu waende nyumbani na simulizi peke yake. Imeonekana kwamba simulizi peke yake si kitu kidogo.

Kwa wale watakaoleta kazi zao siku ya posho: leteni simulizi moja tu kwa kila kikundi, lisizidi dakika tano, kwenye kadi au moja kwa moja kwenye telefoni. Msitume kwanza kwenye grupu "ili wote wasikie", hata mara moja. Na angalieni jina la faili. Nimeletewa sauti iliyofichwa vizuri kabisa, maneno yamesomwa na mtu mwingine, kelele za nyuma zimeondolewa, na juu ya faili imeandikwa jina la mama, jina la baba yake na kijiji. Andikeni namba tu, 1, 2, 3, na orodha ya nani ni namba gani ikae kwenye daftari la mweka hazina, ndani ya sanduku lile lile la pesa za likelemba, lenye funguo tatu.